Si pumzi inayomwacha mchezaji mkongwe

Kaa jukwaani Uwanja wa Sokoine, Mbeya, siku beki wa miaka 34 anapopitwa na kijana pembeni. Dakika haiishi utasikia: "Mzee pumzi imekata!" Na kwa kuwa mji uko juu, kama mita 1,700 hivi, hewa nayo hulaumiwa, ingawa beki mwenyewe ameizoea.

Hebu mtazame vizuri. Dakika ya 80 bado anakimbia, hahemi kuliko wenzake. Alichopoteza ni zile hatua tatu za kwanza. Umri ukipita 30, nyuzi za misuli zinazofyatuka haraka hupungua nguvu mapema. Pumzi, kwa anayefanya mazoezi, hushuka taratibu zaidi. Kingine ni kupona. Zamani alicheza Jumatano, Jumamosi yuko fiti. Sasa siku ya tatu paja bado linavuta, na baridi ya Juni inamtaka apashe misuli muda mrefu kuliko vijana.

Ndiyo maana kocha mwenye akili hamtupi mkongwe, humhamisha. Ryan Giggs wa Manchester United alianza winga, akamalizia kiungo wa kati, akastaafu 2014 akiwa na miaka 40. Lothar Matthäus wa Ujerumani alitoka kiungo akarudi kuwa beki wa mwisho. Roger Milla wa Kameruni alifunga Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 42, akitokea benchi.

Na beki wetu wa Sokoine? Mtoe pembeni, mweke katikati, asimame hatua tano nyuma zaidi. Kijana akianza kukimbia, yeye kashafika.