Breki ikilia, si lazima pedi ziwe zimeisha

Wengi huamini breki ikilia tu, pedi zimeisha. Mlio ni mtetemo wa pedi kwenye diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na hata pedi mpya hulia kwa vumbi, kutu ya usiku au pini zilizokauka za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Pima kabla ya kununua. Weka jiwe kwenye magurudumu mengine, piga jeki, egemeza gari kwenye stendi, vua tairi. Unene wa pedi, bila bati la chuma la mgongoni mwake, ukiwa chini ya milimita 3, badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma.

Pedi ikiwa bado nene, puliza dawa ya kusafishia breki, chomoa pini za kalipa, futa grisi ya zamani na upake ya silikoni inayostahimili joto. Paka kidogo sana mgongoni mwa pedi pia. Tafadhali, usipake oili kwenye uso wa pedi unaogusa diski kama wengine wanavyoshauri: mlio utapotea, lakini gari litachelewa kusimama, na pedi hiyo ni ya kutupa.

Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma, usiendeshe.