Joto hili linatufanya nini mwilini? Maswali ya mtaani na majibu yake

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dar es Salaam. Kila msimu wa kaskazi, Januari na Februari, vyumba vya mabati vinapokuwa havikaliki hata usiku, watu hunisimamisha njiani na maswali yaleyale. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Joto la Dar tumezaliwa nalo. Hilo linaloongezeka duniani ni lipi?

Ni kweli, pwani haijawahi kuwa na baridi. Kinachobadilika ni kiwango. Wanasayansi hupima joto la nchi kavu na la bahari dunia nzima, wakapata wastani, kisha wakaulinganisha na ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa: ulizidi wastani huo wa zamani kwa nyuzi 1.5 hivi. Utasema nyuzi moja na nusu ni kitu gani. Basi mfikirie mwanao. Akiwa na nyuzi 37 anacheza uwanjani. Akifika 38 na nusu, umeshambeba mgongoni unakwenda zahanati.

Si ni kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka?

Hili nalisikia hata kwa watu waliosoma, kwa hiyo nitalieleza polepole. Ozoni ni habari nyingine. Tabaka hilo huchuja miale mikali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Liliharibiwa na gesi zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha, na sasa linapona.

Joto linatokana na hewa ukaa, yaani kaboni daioksaidi. Inatoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na pale misitu inapofyekwa. Jua huipasha ardhi, ardhi nayo hulirudisha joto angani, lakini hewa ukaa huzuia sehemu ya joto hilo lisiondoke. Ni kama blanketi: lenyewe halina moto, ila joto la mwili wako linashindwa kutoka. Mwaka 1958, vipimo vilipoanza mlimani Mauna Loa, Hawaii, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 315 zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Blanketi linazidi kunenepa na sisi tumo ndani yake.

Kwa hiyo wa kulaumiwa ni sisi wa mkaa?

Hapana, na nalisema hili kwa uchungu. Afrika nzima, na watu wake wote, hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri asibebeshwe mzigo wa viwanda vya karne mbili.

Ila moshi wa jiko lake unamuumiza yeye mwenyewe na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Serikali yetu imeweka mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ukipata uwezo wa kuhamia kwenye gesi au umeme, hama kwa ajili ya kifua chako kwanza.

Joto linaweza kuua mtu kweli?

Linaua, tena kimyakimya, kwa sababu tunalipa majina mengine: presha, malaria, uchovu.

Fanya jaribio dogo. Lowesha ncha ya khanga, pangusa mkono, kisha upepee. Ule ubaridi ni maji yanayokauka na kuondoka na joto la ngozi. Jasho kazi yake ni hiyo. Sasa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka na joto linabaki mwilini. Ndiyo maana nyuzi 33 za pwani zinaweza kumwelemea mtu kuliko nyuzi 36 za mahali pakavu.

Februari moja niliitwa kwenye nyumba inayojengwa jirani na kwetu. Saidia fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anabeba zege tangu asubuhi. Alianza kulalamika kichwa, mara miguu inakaza. Wenzake wakampa panadol aendelee. Baadaye akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, wakamcheka, wakidhani amelewa. Nilipofika alikuwa amelala chini, ngozi inaunguza, na watu wamemzunguka hadi wamemzibia upepo. Tulimvuta chini ya mwembe, tukamvua shati na mabuti, tukammwagia ndoo tatu za maji na kumpepea kwa kipande cha boksi huku wengine wakitafuta bajaji ya kumpeleka hospitali. Alipona.

Naomba ukumbuke yale maneno yasiyoeleweka. Mtu aliyekuwa juani au kwenye chumba cha moto akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuzimia, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Mpoze hapohapo kwa maji na upepo wakati usafiri unatafutwa. Panadol haishushi joto la aina hii. Na asiye na fahamu usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Mtoto wangu ana miezi mitatu. Nimpe maji kidogo?

Usimpe, dada yangu. Hadi atimize miezi sita maziwa yako yanamtosha, hata kwenye joto kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na anayetakiwa kunywa maji kwa wingi ni wewe. Usimfunge mablanketi kwa kuogopa upepo.

Na mama yangu mwenye presha na kisukari?

Wazee huchelewa kusikia kiu, kwa hiyo usisubiri aombe maji. Baadhi ya dawa za presha hukojoza na kuukausha mwili. Asiziache kwa uamuzi wake, ila mwulize daktari wake jinsi ya kuzitumia kipindi cha joto. Kama anatumia insulini na nyumbani hamna friji, iwekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya chungu kilichowekwa juu ya mchanga uliolowa, kivulini. Mjamzito naye wa kuangaliwa: joto kali huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

Mbu wanahusikaje?

Joto huharakisha ukuaji wa mbu na wa virusi vilivyo ndani yake. Dar tulipata mlipuko wa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake anauma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, na anazaliana kwenye maji kidogo tu: tairi, kifuu, sahani ya chini ya ua. Ukishikwa na homa nenda ukapime. Usinunue diklofenaki wala aspirini dukani, maana kama ni dengue zinaweza kuongeza damu kuvuja.

Nyumba yangu ni ya mabati na kiyoyozi siwezi. Nifanyeje?

Paka bati rangi nyeupe, hurudisha jua. Weka dari, hata ya bei nafuu. Mchana funga madirisha ya upande wa jua, usiku yafungue yote yenye nyavu. Lala na khanga yenye unyevunyevu, feni ikikupuliza. Kazi nzito ifanyike asubuhi, na kati ya saa sita na saa tisa mchana watu wapumzike kivulini.

Mtaani kwetu tumegawana wazee wanaoishi peke yao. Kila jioni ya miezi hiyo mtu anapita, anabisha hodi, anachungulia kama mtungi una maji, kisha anakaa kidogo kusikia kama mzee anajibu sawasawa.