Sekta inayosubiri si sekta iliyokufa

Seva ya karo ya shule moja ya Jinja ililetwa karakanani kwangu Kampala ikiwa inaganda kila inaposoma faili fulani, na kijana aliyeileta alikuwa ameshaiendeshea fsck, programu ya Linux ya kukagua mfumo wa faili, mara mbili. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo sana: fsck hurekebisha mpangilio wa faili, haitibu diski, na ikiandika juu ya diski inayougua huweza kufuta ambacho kingeokolewa.

Katika dmesg, yaani ujumbe wa kiini cha Linux, nilikuta hitilafu ya kusoma sda, ndiyo diski yenyewe, kwenye sekta (kipande kidogo cha diski) namba 51202056. Nikaendesha smartctl -a, amri inayosoma ripoti ya afya ya diski: kipengele namba 5, yaani sekta zilizokwisha kuhamishwa, kilisoma 0, ilhali namba 197, sekta zinazosubiri, kilisoma 8. Diski ikishindwa kusoma sekta haiihamishi papo hapo, kwa kuwa haijui kilichomo. Huiacha ikisubiri hadi iandikwe upya. Uandishi ukifaulu, sekta hurudi kazini. Ukishindikana, diski huchukua nyingine ya akiba na namba 5 hupanda. Hiyo 8 yenyewe ilikuwa jeraha moja tu, kwani diski ile ina sekta halisi za baiti 4096 ingawa hujitambulisha kuwa na za baiti 512.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu, pamoja na faili yake ya ramani ili kazi iweze kuendelea hata umeme ukikatika. Zilikosekana baiti 4096 tu.

Kuitafuta faili yenye sekta hiyo ni hesabu: ondoa mwanzo wa kizigeu (sehemu ya diski yenye mfumo wa faili), hapa 2048, kisha gawa kwa 8, kwani bloku moja ya baiti 4096 ni sekta 8 za baiti 512, unapata bloku 6400001. Katika debugfs, programu ya kuchungulia ndani ya mfumo wa faili, amri ya icheck ilinipa inodi, yaani namba ya faili, na ncheck ikanipa jina: kumbukumbu za zamani za printa. Nilishusha pumzi.

Ndipo nikaandika sifuri juu ya bloku hiyo kwa dd, amri ya kunakili data ghafi: bs=4096, count=1 (bloku moja ya baiti 4096), oflag=direct (moja kwa moja kwenye diski), seek=6400257 (mahali pa kuanzia: 51202056 gawa kwa 8). Angalieni tarakimu hizo: dd ikielekezwa kwenye diski nzima huhesabu tangu mwanzo wa diski, si wa kizigeu, na anayechanganya namba hizi mbili huangamiza bloku nzima isiyo na kosa. Vilevile, ukiandika baiti 512 peke yake, diski hulazimika kwanza kuisoma ile sekta kubwa isiyosomeka, nayo hukwama palepale.

Jaribio refu la smartctl -t long lilipita, 197 ikashuka hadi 0, na 5 haikupanda. Nashuku umeme ulikatika katikati ya kuandika. Diski nimeirudisha, lakini hesabu za karo nimezihamishia kwenye mpya.