Mita ya saa haisemi umri wa trekta

Huku Urambo na Sikonge, mtu akiuza trekta la Massey Ferguson 135 hukimbilia kuonyesha mita ya saa za kazi za injini: "Saa elfu mbili tu, halijachoka!" Wanunuzi wengi huamini, na bei hupanda.

Trekta hilo lilitengenezwa kati ya 1964 na 1975. Mita yake huzungushwa na waya unaotoka kwenye injini, kwa hiyo huhesabu mizunguko, si muda. Injini ikiunguruma polepole, saa nzima ya kweli haiandikwi yote. Waya ukikatika, mita husimama huku trekta likiendelea kulima misimu na misimu. Na mita yenyewe hubadilishwa kwa bisibisi.

Mimi huangalia pedali ya klachi kwanza: chuma kilicholainika hadi kung'aa kimekanyagwa miaka mingi. Kisha namwomba mwenye mali, "Shikamoo mzee, naomba tuliwashe likiwa baridi." Injini ya moto huficha kasoro; ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Hapo toa kwenye bei gharama ya kufungua injini. Inua jembe, zima injini. Jembe likishuka haraka, haidroliki (mfumo wa oili unaoliinua) inavuja.

Rangi mpya usiilipie hata kidogo.