Bahasha ya vipimo safi na mwili unaouma

Maungo yote yanauma, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, tumbo limejaa gesi. Bahasha ya vipimo imevimba: picha ya kifua, ultrasaundi, na vipimo vitatu vya damu vya Widal vilivyomletea mtu dozi tatu za taifodi. Widal hutafuta kingamwili, na hizo hukaa damuni muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, kwa hivyo peke yake haithibitishi kitu. Vingine vyote safi: dalili zipo, ila vipimo havionyeshi chanzo. Hapo ndipo watu huniuliza dawa gani waongeze, nami huanza kwa kupunguza.

Mwaga mfuko wa dawa mezani. Mara nyingi mna diklofenaki ya maumivu inayomezwa kila siku (huenda kiungulia ni kazi yake, na figo nazo huweza kuumia), tramadoli ya maumivu makali, na diazepamu ya wasiwasi na usingizi, iliyoandikwa ya siku chache ikafika mwaka. Hii ya mwisho usiikate ghafla, mtu anaweza kuanguka kifafa. Ishushwe kwa wiki kadhaa. Kisha uliza, bila kumtahayarisha, kuhusu miraa na muguka. Kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka Mei 2024, lakini swali bado ni la lazima. Kathinoni, kichangamshi kilichomo, huudundisha moyo na kufukuza usingizi. Kutibu mapigo hayo kwa vidonge huku majani yanatafunwa ni kuchota maji kwa pakacha. Na anayemeza metformini ya kisukari kwa miaka, akilalamika ganzi miguuni, apimwe vitamini B12 kabla ya kuambiwa hana kitu.

Ushahidi wa dawa za kutibu dalili kama hizi, zisizo na chanzo kwenye vipimo, ni mwembamba. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 26 yenye watu 2,159. Dawa mpya za sonona zilisaidia kiasi kuliko kidonge kisicho na dawa, ila ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini na majaribio yalikuwa ya wiki chache tu. Dawa za zamani za sonona, za kundi la amitriptilini, hazikuonyesha tofauti ya wazi. Mimi bado huichagua amitriptilini pale maumivu na kukosa usingizi vinapotawala, hasa kukiwa na kipandauso au maumivu ya neva, ambako imejithibitisha.

Anza na miligramu 10 usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala, ukipandisha kila wiki moja au mbili hadi 25, mara chache zaidi. Kosa la kawaida ni kuanza na 25 kwa mwanamke mwembamba wa miaka 60: asubuhi anaamka kama mlevi, anayumba, anaapa hataigusa tena. Kinywa hukauka na choo hufunga. Mwezi wa Ramadhani ameze baada ya tarawehe, na maji ayanywe kwa wingi kati ya futari na daku, kwani kiu ya mchana itazidi. Haimfai mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo, presha ya jicho ya ghafla au tezi dume inayozuia mkojo. Toa ya siku 14 tu mwanzoni, maana ikimezwa nyingi kwa mpigo huua.

Wasiwasi ukizidi maumivu, mpe fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo mpya za sonona, miligramu 20 asubuhi baada ya chakula. Wiki mbili za mwanzo huleta kichefuchefu na kutotulia, nafuu huja wiki ya nne hadi ya sita. Asipoambiwa hivyo, ataiacha siku ya tano. Isichanganywe na tramadoli. Hata amitriptilini, fluoksetini huizidisha damuni.

Maneno nayo ni sehemu ya dozi: “Mama, maumivu yako ni ya kweli. Dawa hii kwa dozi kubwa hutibu sonona. Hapa tunaitumia kwa dozi ndogo, kutuliza neva zinazopeleka maumivu.” Usiposema hivyo, mtu wa duka la dawa atamwambia ni ya wazimu, na vidonge vitaishia kabatini.

Chagueni pamoja alama moja ya kupima: saa za usingizi, au kupanda ngazi bila kusimama. Wiki nane za dozi kamili zikipita bila mabadiliko, ishushe taratibu uiondoe, usirundike ya pili juu yake. Lakini akipungua uzito, akipata homa za usiku au damu chooni, bahasha inafunguliwa upya siku hiyohiyo, hata kama vipimo vya mwezi jana vilikuwa safi.