Takwimu huria za serikali: maana yake

Neno "huria" tumelizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria, likimaanisha jambo ambalo halikufungiwa watu wachache. Takwimu huria za serikali ni zile zilizokusanywa kwa fedha za umma na kuwekwa wazi ili mtu yeyote azisome, azipakue, azichambue na kuzisambaza bila kuomba kibali wala kutozwa ada. Wengi huishia kwenye kusoma tu, na hapo ndipo dhana hii hupungukiwa.

Chukua jedwali la wanafunzi na walimu wa shule za msingi katika kaunti ndogo moja ya Kenya. Likitolewa kama picha ya karatasi, na mhuri umefunika tarakimu mbili, mzazi ataliona, lakini anayetaka kujua ni shule ipi yenye wanafunzi wengi zaidi kwa kila mwalimu itambidi anakili safu baada ya safu kwa mkono. Jedwali hilohilo likiwekwa katika faili inayosomeka na kompyuta, hesabu hiyo huchukua dakika chache, na mtu mwingine anaweza kuirudia akaikosoa. Naamini kiini cha uhuria ni huko kurudia hesabu ya mwenzako.

Kenya ilizindua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011, chini ya Rais Mwai Kibaki, ikiwa na takwimu za sensa ya 2009 miongoni mwa nyingine. Tovuti pekee haitoshi, kwa sababu takwimu zisipohuishwa hupitwa na wakati. Ndiyo maana Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vina uzito: raia akiomba taarifa, ofisi hupewa siku 21 kumjibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Haki hiyo ni jirani ya takwimu huria, ila kwa takwimu huria huhitaji kuomba, unazikuta zimeshawekwa.

Taarifa binafsi hazimo. Idadi ya wagonjwa wa malaria katika kaunti hutangazwa, majina yao hayatangazwi. Hata idadi yenyewe huhitaji uangalifu: wadi ikiwa na wagonjwa wawili tu wa maradhi yasiyo ya kawaida, majirani watawatambua bila kutajiwa jina, kwa hiyo takwimu za wadi kadhaa hujumlishwa kwanza ndipo zitolewe.