Mdhamini si mfadhili

Mwezi uliopita chama chetu cha historia kilikutana Nansio, hapa kisiwani Ukerewe, katika chumba tulichoazimwa karibu na soko. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema kwa furaha: "Sasa naomba tusimame tumpokee mdhamini wetu mkuu!" Akaingia bwana mmoja mfanyabiashara, mtu mwema kwelikweli, aliyetununulia viti 50 vya plastiki na kulipia mafuta ya boti ya wanafunzi waliokwenda kisiwa cha Ukara. Tulisimama, tukapiga makofi, naye alistahili makofi yale.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja kutoka Bukindo. Asubuhi ile alikuwa ametukabidhi picha ya marehemu baba yake, imepigwa enzi ya utemi, amesimama kando ya ngoma. Ni picha pekee ya baba yake aliyonayo. Akanishika mkono, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kumbe picha ya baba itakuwa kwake huyu?"

Nikamwambia hapana, bibi, picha iko kabatini, haiendi kwa mtu. Akanyamaza, lakini niliona moyo haujatulia. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba bibi yule alisikia Kiswahili sawasawa. Alilichukua neno mdhamini kwa maana yake, na aliyelitumia vibaya ni sisi. Mwaka huu hii ni mara ya tatu nalisikia hivyo, mara mbili mkutanoni na mara moja katika barua yetu wenyewe, yenye muhuri wetu.

Mdhamini ni mtu aliyejifunga kuwajibika kwa ajili ya mwingine, au kwa mali isiyo yake. Jambo likiharibika, anaulizwa yeye. Mfadhili ni mtu anayetoa fedha, vitu au kazi yake kwa hiari ili shughuli ya wengine iende. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, lakini kuwa kimoja hakumfanyi kuwa kingine.

Maneno haya yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu kwa njia ya pwani. Mfadhili ametoka katika fadhila, na mzizi wake kule ni neno lenye maana ya kilichozidi, ziada, kisha wema unaomiminika kutoka katika ziada hiyo. Mzizi huo umetuachia ukoo mzima wa maneno ambayo tunayatamka kila siku bila kujua kwamba ni ndugu. Tafadhali ni ndugu yake: unamwomba mtu akufanyie fadhila. Afadhali naye ni ndugu yake: lile lenye ubora uliozidi. Wazee wanaposema fadhila ya punda ni mateke, wanamlaumu aliyepokea wema na kuulipa kwa ubaya. Aliyetoa hana kosa. Ndiyo maana neno mfadhili lina heshima kubwa ndani yake. Linasema kwamba huyu alijaliwa, kikombe chake kikafurika, akatukumbuka. Na kwa kuwa ni fadhila, hakuna anayeweza kumdai. Mwakani akiamua viti vyake viende kwenye zahanati, tutamshukuru kwa vya mwanzo na kumwombea heri.

Dhamana ni ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni kujifunga, kuchukua juu ya shingo yako deni au wajibu wa mwenzako. Nenda mahakamani siku yoyote utamwona mdhamini hasa alivyo. Amekuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, amesaini kwamba mshtakiwa atarudi tarehe iliyopangwa. Mshtakiwa akitoroka, mahakama inamtafuta aliyesaini. Mwanafunzi anapoomba mkopo wa elimu ya juu, kuna mahali katika fomu pa mdhamini kuweka jina na sahihi, na mzazi au mjomba anayesaini pale hajatoa hata shilingi. Alichotoa ni nafsi yake. Kwa hiyo mtu asiye na kitu mfukoni anaweza kuwa mdhamini mzuri kuliko tajiri, ikiwa anajulikana kwa ukweli wake na haondoki kijijini.

Basi udhamini uligeukaje kuwa kutoa pesa? Nadhani mpira na redio vimechangia sana: mdhamini mkuu wa ligi, kipindi hiki kimedhaminiwa na fulani. Lakini mfasiri wa kwanza simlaumu. Neno la Kiingereza analolitafsiri, sponsor, lilitoka Kilatini, na kule lilikuwa na maana ileile ya mtu anayeweka ahadi kwa ajili ya mwingine. Kanisani lilimhusu anayemsimamia mtoto wakati wa ubatizo, yule ambaye katika parokia zetu tunamwita msimamizi wa ubatizo. Baadaye Waingereza wenyewe walilisogeza neno lao mpaka likawa la mtu wa pesa. Mfasiri wetu alishika maana ya kale wakati wenyewe wameshahama, na neno letu likaburuzwa nyuma yao. Uwanjani matumizi hayo yameshaota mizizi na sitagombana na wapenzi wa mpira. Jezi ikichanika, hakuna bibi atakayekosa usingizi.

Kwetu mambo ni tofauti, kwa sababu katika chama kama chetu neno mdhamini lina kazi ya kisheria. Chama kinachotaka kumiliki kiwanja, nyumba au hata makabati kwa jina lake kinaweza kusajili wadhamini wake chini ya sheria ya usajili wa wadhamini, Sura ya 318. Ofisi inayoshughulikia ni RITA, na ukilisoma jina lake kwa kirefu utalikuta neno lenyewe: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wakishasajiliwa, wadhamini wanakuwa kama mtu mmoja mbele ya sheria, mwenye muhuri, anayeweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na ambaye hafi hata mjumbe mmoja akifariki. Parokia zinalijua jambo hili, misikiti inalijua, vyama vya siasa vinalijua. Mali ya chama iko mikononi mwao, lakini si yao. Hawawezi kuiuza ili wale, wala kumrithisha mtoto.

Mtu wa Mwanza mjini anao mfano karibu. Akisimama ufukweni anakiona kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Hifadhi zetu za taifa ziko chini ya shirika la TANAPA, na TANAPA ina Bodi ya Wadhamini. Sijawahi kusikia mtu akidhani kwamba wajumbe wa bodi ile walichanga pesa kununua swala wa Saanane. Kila mtu anaelewa kwamba wamekabidhiwa kwa niaba ya taifa. Maana hiyo hiyo ndiyo ninayoiomba ivuke maji mpaka Ukerewe.

Hapa lazima niingize neno la tatu, amana, kwa sababu wengi wanalichanganya na dhamana kwa kuwa yanafanana sauti. Amana ni kitu chenyewe kilichowekwa kwako ukitunze na ukirudishe. Liko katika ukoo wa amini, imani na amani. Benki inaita fedha za wateja amana, maana zitadaiwa. Picha ya bibi wa Bukindo ni amana. Wazee watatu wa chama chetu waliosaini kwamba itakuwa salama ndio wenye dhamana. Na kabati lenye kufuli ambamo imelala lilinunuliwa kwa fedha ya mfadhili. Maneno yote matatu yamekutana katika chumba kimoja cha kuazima, na kila moja lina kazi ambayo lingine haliwezi kuifanya.

Anayedhani nabishania maneno tu na aje aone tunachofanya. Vijana wetu wanarekodi kwa simu sauti za wazee: namna mitumbwi ilivyoungwa zamani, majina ya samaki kwa Kikerewe, jinsi familia mbalimbali zinavyousimulia ugomvi wa Desemba 1877, wakati wa Omukama Lukonge, mtawala wa Ukerewe, ambamo wamisionari wawili wa Kiingereza waliuawa pamoja na Songoro, mfanyabiashara wa pwani mwenye jahazi. Simulizi hizo hazifanani, na kila mzee aliyetoa ya kwake aliitoa kwa masharti. Mmoja alisema yake isisikilizwe hadharani akiwa hai. Kutoka Ukara tumepokea picha za watu waliopotea siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka, tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya. Mama anapokukabidhi picha kama hiyo, anamtafuta mtu wa kumuuliza siku akiihitaji. Anataka kujua nani ameweka shingo.

Na kisiwa hiki kinajua thamani ya kutunza. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwenyewe akafariki. Kwa miaka 35 kazi ile ilikuwa makaratasi tu, kitu ambacho mchwa, mvua au mtoto anayetafuta pa kuwashia moto angeweza kukimaliza kwa siku moja. Kila ninapoifungua nafikiria miaka ile 35 zaidi ya siku ya uchapaji.

Sasa nieleze madhara niliyoyaona, bila kumtaja mtu. Mfadhili wetu mmoja wa nyuma, baada ya kuitwa mdhamini mikutano miwili mfululizo, alimtuma kijana wake aje achukue albamu ya picha ili zitumike kwenye kalenda ya duka lake. Hakuwa na nia mbaya. Tulimwambia yeye ni mdhamini, naye akaamini, kwa hiyo alikuja kuchukua alichodhani kiko chini yake. Tulipomkatalia aliona aibu, na sisi tuliona aibu zaidi. Upande wa pili uliniuma kuliko huo. Mmoja wa wazee wetu watatu, ambaye jina lake liko kwenye hati, aliombwa na kijana wa mapokezi akae benchi la nyuma kwa sababu viti vya mbele ni vya wadhamini. Mzee alipojitambulisha, aliulizwa: "Wewe umetoa nini, babu?" Akaenda kukaa nyuma bila kusema neno. Mtu huyo ndiye atakayeitwa na sheria siku chumba kile kikiungua.

Kuna wengine ambao si wafadhili wala wadhamini, na ndio wengi. Fundi aliyerekebisha mlango bila malipo, mama anayeleta kopo la dagaa siku ya mkutano, mkulima wa Kagunguli aliyeshusha gunia la machungwa kwa ajili ya wanafunzi, bodaboda aliyembeba bibi wa Bukindo bure kwenda na kurudi. Hao ni wachangiaji. Kuchanga ni kila mtu kuleta kidogo chake kikaunganishwa na vya wenzake, na anayechanga anachangia kilicho chake. Mtu wa kisiwani anayeleta machungwa kwenye chama cha historia ya kisiwa chake sipendi aambiwe ametoa msaada. Hajamsaidia mgeni.

Limebaki la matamshi, na hili naliandika kwa upendo kwa sababu nami nimekulia huku. Wengi wetu kanda ya ziwa ulimi unageuza dh kuwa z na th kuwa s. Mdhamini anakuwa mzamini, thamani inakuwa samani, na samani ni meza na makochi. Katika mazungumzo tunaelewana. Shida inakuja kwenye kuandika, pale mtu anapojua kwamba z na s si sahihi lakini hajui arudishe ipi. Ndivyo kadi yetu ya shukrani ya mwaka jana ilivyotoka ikisema "tunadhamini sana mchango wako", maana yake tumejifunga kuulipia mchango wako endapo utapotea. Thamani ni neno lenye mzizi wake mwingine, wa bei na ubora, halina udugu wowote na dhamana.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeshika kipaza sauti, ulifanya kazi nzuri siku ile na nakuomba uishike tena mkutano ujao. Yule bwana wa viti na mafuta ya boti mwite mfadhili wetu, kwa sauti ileile ya furaha, na tutasimama tena. Kabla yake wataje wazee watatu kwa majina, useme hawa ndio wadhamini, viti vyao ni vile vya mbele. Bibi wa Bukindo ameahidi kuja. Akishawaona, mwonyeshe na kabati. Na kadi mpya zikienda kuchapwa, herufi ni th: tunathamini.